Mkono wa Kushoto wa Mama Hedwig

Habari ya kifo cha Mama Hedwig ilinikuta nikiwa na kichwa cha mtu mikononi. Mteja alikuwa dada wa Kizulu anayelinda duka la matairi pale kwenye roboti, taa za barabarani. Nusu ya kichwa ilikuwa imesukwa, nusu bado imesimama kama nyasi, na simu ikatetemeka ndani ya aproni yangu. Aliyeniandikia alikuwa muuguzi wa nyumba ya wazee kule Midrand. Aliandika kwamba Mama Hedwig alilala baada ya chakula cha mchana na hakuamka, na kwamba walimkuta ameushika mkono wake wa kushoto kwa ule wa kulia, kama ilivyokuwa kawaida yake. Nikasoma, nikarudisha simu, nikamalizia msuko uliokuwa vidoleni, kwa sababu msuko hauachwi katikati hata kama dunia imesimama. "Dada, uko sawa?" akaniuliza mteja akinitazama kwenye kioo. Nikasema niko sawa, sharp. Machozi yalikuwa yanamdondokea begani, naye kwa wema wake akajifanya hajayaona.

Mtu akifa, wengine huanza kusema alizaliwa na nani na ukoo wake unatoka wapi. Mimi hayo nitayaruka, ya kwake na ya kwangu. Ninachotaka kusimulia ni mwaka mmoja tu, 2014, ambao bado naubeba kwenye vidole. Nilikuwa na miaka ishirini. Shule niliiacha kabla haijaniacha yenyewe, na nilikuwa na ndoto nyingi kuliko nguo. Nilikuwa nalala nyuma ya pazia katika chumba kimoja na Tantine Bora, shangazi yangu, hapa hapa Troyeville, Johannesburg. Siku za kazi nilisuka nywele kwenye saluni yake, na Jumapili nilipiga kibodi kanisani. Jengo la kanisa halikuwa letu. Lilikuwa la Wajerumani, na Wajerumani wenyewe walibaki wazee wachache waliosali asubuhi. Wao wakitoka, sisi Wakongomani tunaingia. Tunapeana mikono mlangoni, na ndani tunakuta bado harufu ya kahawa yao.

Lazima nieleze nilivyokuwa napiga, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Nilijua kupiga kwa ufunguo wa do, basi. Vidole vyangu vilijua kila kichochoro cha do, na nje ya hapo vilikuwa kama mgeni aliyeshushwa stesheni asiyoijua. Tatizo lilikuwa Tantine Bora. Yeye ndiye aliyeongoza kwaya, na katika maisha yake hajawahi kuanza wimbo mahali palipopangwa. Anafumba macho, anavuta pumzi, anaanzia pale Roho anapomkuta: leo juu, kesho chini, kesho kutwa katikati ya hapo na hapo. Lakini kibodi ina kibonyezo tunachokiita transpozi. Ukikibonyeza, kibodi yote inapanda au inashuka, nawe unabaki umekaa kwenye do yako kwa raha. Wengi tunaopiga kwenye makanisa yetu tumelelewa na kibonyezo hicho. Tantine akianza, mkono wangu wa kulia unangoja, wa kushoto unabonyeza, tap, tap, tap, mpaka nimkamate. Nilikuwa hodari wa kumkamata. Nilidhani huo ndio muziki.

Jumapili moja ya joto, mwanzoni mwa mwaka, kebo ya kibodi ikaungua na kutoa moshi mdogo. Pasta akaniambia nipande juu kwenye kinanda cha mabomba, kile kikubwa cha Wajerumani kinachokaa kwenye roshani juu ya mlango. Nikapanda. Huko juu nikamkuta bibi mmoja mwembamba wa Kizungu, nywele nyeupe zimebanwa kwa kalamu, anakula mkate na jibini kutoka kwenye kopo la biskuti. Tulimfahamu kwa sura. Kila Jumapili alibaki baada ya wenzake kuondoka, na sisi tulidhani amewekwa atuchunge tusiibe vitabu vya nyimbo. Akaniwashia mota ya upepo, akasogea na kopo lake hadi mwisho wa benchi. Chini, Tantine akafumba macho akaanza. Nikaweka mikono kwenye do. Loo! Mimi nilikuwa mtaa mmoja, yeye mtaa mwingine. Nikatafuta transpozi. Kulia na kushoto kulikuwa na vifundo vingi vyeupe vyenye maandishi ya Kijerumani, nikajiambia chombo kikubwa hivi kitakuwa na kibonyezo kikubwa. Nikachagua kilichochakaa zaidi, nikidhani ndicho kinachotumika sana, nikakivuta, nikaweka mikono tena.

Yalitoka matarumbeta. Watoto walipiga kelele. Baba mmoja wa benchi la mbele akapiga magoti palepale, mikono juu. Tantine akanyamaza, akageuka, akaangalia juu huku ameshika kiuno. "Weye Faida! Unatuitia malaika ama unatufukuza?" Kanisa zima likacheka, na pembeni yangu yule bibi alikuwa anacheka mpaka makombo yakaruka juu ya meno ya kinanda. Akaniuliza kwa Kiingereza, kwa sababu tulikuwa tunazungumza Kiingereza, kila mtu cha kwake kilichovunjika kwa namna yake, "Ulikuwa unatafuta nini?" Nikamwambia natafuta cha kupandisha. Hakuelewa, nikamwonyesha kwa vidole: tap, tap. Akafikiri kidogo. Kisha akanisukuma taratibu kwa nyonga, akarudisha kile kifundo, akamwashiria Tantine aendelee. Tantine akaanza tena, mahali pengine kabisa, bila shaka. Yule bibi akainamisha kichwa, akasikiliza, akaingia chini ya sauti ile kama mtu anayemwekea mwenzake mto chini ya kichwa akiwa usingizini. Hakubonyeza kitu. Alitembea tu hadi alipokuwa Tantine.

"Miezi mingi nakusikia kutoka huku juu," aliniambia ibada ilipokwisha. "Una mikono mizuri. Lakini hujawahi kutoka nyumbani. Ni do, do, do. Kibonyezo ndicho kinachosafiri." Ndiyo maana alikuwa anabaki kila Jumapili: alikuwa anatusikiliza. Akasema anaitwa Hedwig, akanialika kwake Jumatatu, siku ambayo saluni hufungwa.

Nyumba yake ilikuwa juu kidogo ya mtaa wetu, ya matofali mekundu, geti lina mnyororo na hakuna kufuli. Ndani kulinuka nta, kahawa na siki. Sebule yote ililiwa na kitu kimoja kirefu, chembamba upande mmoja, kijani nje na chekundu ndani ya kifuniko. Nilipokiona mara ya kwanza niliwaza jeneza la mtu mrefu aliyekuwa akipenda sherehe. Aliniambia jina lake, harpsikodi, na mimi tangu siku ile nakiita kinanda cha nyuzi. Ukibonyeza jino, ndani kuna kijiti kinachoruka, na kwenye kijiti kuna ncha ya unyoya wa ndege inayodonoa uzi. Sauti yake ni kama mvua ya mwanzo kwenye bati, tone moja moja kabla hayajachanganyika. Nikagusa do. Nikashtuka, maana haikuwa do yangu, ilikuwa imeshuka. "Mama, kimelegea." "Hakijalegea. Watu wa zamani walipiga chini kidogo kuliko sisi, na hapo ndipo kinapopenda kukaa." Halafu akatabasamu kama mtoto aliyeficha pipi. "Lakini nacho kina kibonyezo chako." Akang'oa kipande cha mbao pembeni mwa meno, akaweka viganja viwili, akasukuma safu yote ya meno upande, tok, kama droo. Nikagusa tena, ikawa do ninayoijua. Nilipiga makofi. "Hatua moja tu," akasema, akiirudisha. "Zilizobaki utakwenda kwa miguu yako."

Nilikwenda kwa miguu kila Jumatatu. Alinifundisha kukaza nyuzi kabla ya kunifundisha kucheza, na hilo lilinijia haraka, kwa sababu msuko nao una mahali ambapo umekaza vya kutosha na mwenye kichwa bado anaweza kucheka. Halafu tunakula. Nakumbuka meza ile kuliko ninavyokumbuka masomo: mkate mweusi mzito kama tofali, matango ya siki, supu ya dengu yenye soseji. Mimi nilileta sombe, majani ya muhogo, kwenye bakuli lenye mfuniko, naye aliyapaka majani yale juu ya mkate wake mweusi, akatafuna kwa makini, akasema ladha yake ni ya mboga iliyokasirika kwa sababu nzuri. Kuanzia hapo akawa anaiulizia kabla ya salamu.

Na mezani ndipo alipokuwa anasema maisha yake, akiiambia sahani. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule na mpiga kinanda katika mji mdogo wenye vilima, siku ambazo kinanda cha kanisa lao hakikuwa na mota. Upepo ulitoka kwenye mivukuto mikubwa ya ngozi, na mwenye kuivukuta alikuwa yeye, tangu alipoweza kufikia mpini. Alikaa nyuma ya mabomba, gizani, na kitabu cha hadithi. Hadithi ikinoga, anasahau. Upepo unaisha, kinanda kinashusha pumzi kama ng'ombe anayelala, na upande wa pili baba yake anapiga mguu kwenye ubao: dum! Anavukuta tena. "Nilijifunza muziki kutoka upande wa nyuma," alisema. Baada ya vita hakukuwa na makaa, na baba alicheza na glovu zilizokatwa ncha. Alipokua alikwenda mji mkubwa kusomea kinanda, huko akamsikia mwalimu mmoja mwanamke akipiga kile cha nyuzi, wakati ambao wengi walikiita muziki wa panya. Akapenda palepale. Nilimuuliza kwa nini, wakati kile cha mabomba kina nguvu za kuangusha ukuta. Akaacha kijiko. "Kwa sababu hiki hakijui kupaza sauti. Ukikipiga kwa hasira au kwa upole, sauti ni ileile. Kwa hiyo ukitaka kumgusa mtu una njia moja: kuchelewa kidogo. Noti inayosubiriwa, unaichelewesha kidogo tu, na mtu anainua kichwa." Nimesuka vichwa vingi tangu siku hiyo, na sijasikia neno la kweli zaidi kuhusu kitu chochote.

Alikuja Johannesburg kwa mkataba wa mwaka mmoja, kwa sababu kwao wapiga vinanda walijaa kila kona na huku kanisa lilikuwa na kinanda kisicho na mtu. Mama yake alimfungia makoti mawili ya baridi kwenda Afrika, na kumbe aliyahitaji. Mwaka ukawa maisha. Alicheza kanisani, alicheza redioni, alizunguka na kinanda cha nyuzi ndani ya kombi hadi miji ya migodi, ambako hewa kavu ilikata nyuzi kabla hajafika, na mara moja mvua ya mawe ilipiga paa la kombi mpaka akaanza kuifuata kwa vidole kwenye usukani. Kwenye ukumbi mmoja wa mgodi, baada ya saa nzima ya muziki wa zamani, bwana mmoja aliinua mkono akauliza kama anajua kitu cha kuchezea dansi. Akampigia. Walicheza dansi mpaka viti vikasogezwa. Alitoa sahani moja ya santuri. Kwenye jalada lake ni msichana mwenye nywele kubwa kama mwimbaji wa rumba, na alisema wanunuzi wakubwa walikuwa shangazi zake. Mchumba aliwahi kuwa naye. "Alikuwa mtu mzuri, ila hakuweza kunyamaza."

Mara moja niliuliza kwenye kumbi zile nani alikuwa anabeba kinanda. Akasema walikuwepo wabebaji, watu wawili wenye nguvu, wapole sana na chombo. "Na walikaa wapi ukicheza?" "Nje. Kwenye kombi. Ilikuwa sheria ya siku zile: mtu mweusi haingii." Akakusanya makombo kwa kidole. "Sikuuliza, Faida. Miaka yote ile nilikuwa nasikiliza nyuzi tu." Nikamwongezea sombe.

Huko saluni mambo yalikuwa mengine. Tantine Bora aliniambia wazi, na nikiwa nasuka nilimsikia akiwaambia wateja pia. "Yule Mzungu amemfanya mtoto wangu mtumishi. Wanacheza, wanacheza, halafu nani anaosha vyombo? Faida." Mteja mmoja akasema, "Tantine, labda atamwachia nyumba." "Nyumba! Atamwachia kikohozi." Siku alipokuja kunifuata mwenyewe, akamkuta Mama Hedwig amekaa barazani na kisu kidogo na boksi la manyoya ya kunguru, anachonga ncha mpya za kudonolea nyuzi. Tantine akarudi hatua mbili hadi getini. "Katika jina la Yesu! Mwanamke mzee, kisu, na manyoya ya kunguru! Faida, toka humo!" Nilicheka mpaka nikakaa chini, nikamvuta ndani, nikamwonyesha kijiti kimoja kikiruka. Aliangalia, akasikiliza. "Sawa," akasema. "Lakini mbona hawatumii ya kuku, kama watu?"

Halafu ikaja Julai na baridi yake. Nilifika Jumatatu nikakuta chupa ya matango imepasuka jikoni, siki imeenea sakafuni, na Mama Hedwig amekaa kwenye kiti anauangalia mkono wake wa kushoto kama barua ya mtu mwingine iliyoletwa kwake kwa makosa. Mdomo ulikuwa umeinama kidogo. Hospitali walisema ni kiharusi kidogo, ana bahati. Mguu ukarudi, mdomo ukarudi, mkono haukurudi. Mpwa wake akapiga simu kutoka Ujerumani. Sikujua Kijerumani, lakini nilijua sauti ya mtu anayekubali. Alipokata simu akaniambia nyumba itauzwa na mwisho wa mwaka atahamia Midrand, kwenye chumba kinachoingia kitanda, kabati na kiti. Kuhusu kinanda, kulikuwa na bwana wa Cape Town anayekitaka kwa ajili ya sebule yake. Hayo yote aliyasema bila kulia. Alilia aliposema jambo jingine.

Baba yake alikuwa ametunga wimbo mmoja, wa jioni, wa kufungia ibada. Hakuwahi kuuandika. Alimfundisha yeye kwa mkono, na yeye kila alipoondoka mahali aliucheza: alipotoka mji wao, alipomaliza masomo, alipomzika baba. Mkono wa kulia unabeba wimbo, wa kushoto unatembea chini yake, haupumziki. Wazee wa kanisa walikuwa wamempangia ibada ya kuagwa mwezi wa Novemba. "Nilitaka niondoke nao," alisema. "Sasa nina nusu. Wimbo bila njia ya kupita. Na nikiondoka, nusu hiyo nayo imekwisha." Nikamwambia, bila kufikiri, maana kufikiri hakukuwa kazi yangu kubwa wakati ule, "Mimi nitakuwa mkono wa kushoto." Akapangusa pua. "Wimbo uko kwenye mi bemol, Faida, si kwenye do yako." Nikamwomba tuushushe hadi do. Akanitazama kama nimemwomba amzike baba yake kwenye kaburi la jirani. "Baba aliuweka mi bemol."

Kwa hiyo mwaka ule niliondoka nyumbani, kwenye do yangu. Tulikaa benchi moja, mimi kushoto, yeye kulia, mabega yamegusana, ananiimbia kila noti kwa sababu hapakuwa na karatasi. Vidole vyangu vilianguka kwenye meno meusi kama ng'ombe kwenye mitaro. Nilikuwa na haraka, nilitaka kufika. Yeye alikuwa anainua kidole: chelewa. Kidogo tu. Nilianza kuota kwa mi bemol. Saluni nilikuwa nacheza kwenye mafuvu ya wateja, na mmoja akamlalamikia Tantine kwamba namgonga. Ndipo Tantine alipokasirika kweli. "Weye unajua kusuka. Hiyo ingine itakupeleka wapi? Kwa Wajerumani?" Nikamwambia ukweli, kwamba mkono wa bibi umekufa na bila mimi wimbo wa baba yake unakufa nao. Jumatatu iliyofuata alikuja nami, amebeba beseni, shampuu na taulo. "Mtu mwenye mkono mmoja anajioshaje kichwa?" aliuliza, kama vile ni mimi niliyekosa adabu. Alimwosha Mama Hedwig jikoni, akamkanda kichwa taratibu, na wale wawili wakazungumza saa nzima, mmoja Kiswahili cha Bukavu na mwingine Kijerumani, kuhusu mambo ambayo mpaka leo sijui. Kuanzia hapo alikuja kila wiki. Anakaa kwenye kiti chenye springi iliyovunjika, anamenya karanga, anatusikiliza tukianguka na kuinuka.

Siku ya kuagwa jakaranda zilikuwa zimemwaga maua mpaka mtaa ukawa wa zambarau. Tantine alikuwa amemsuka Mama Hedwig mistari miwili midogo juu ya masikio, nyeupe kabisa, na wazee wa Kijerumani walimwangalia kwa mshangao halafu wakatabasamu. Siku hiyo tulisali pamoja, wao mbele, sisi nyuma na pembeni. Mwaka ule umeme ulikuwa unakatwa kwa zamu, na sisi tulijua zamu yetu. Lakini mahubiri ya watu wawili, mmoja wa Kijerumani na mmoja wa Kikongomani, hayajui zamu. Tulipokaa kwenye benchi na Mama Hedwig kuvuta vifundo vyake, taa zikazima na mota ikafa. Tukabonyeza, hakuna. Nikahisi bega lake likilegea. Halafu likakaza. "Nyuma," akaniambia. "Nyuma ya mabomba. Mpini wa zamani. Mtafute mtu mwenye mikono."

Mtu mwenye mikono nilimjua. Nilimwita Tantine Bora kutoka juu ya roshani, mbele ya makanisa mawili, naye akapanda ngazi huku akiuliza kwa sauti kama kweli hata Mungu wa Wajerumani anahitaji wasukaji. Nikamwonyesha mpini wa mbao uliojaa vumbi. Akaushika, akaushusha kwa uzito wake wote, na ndani ya kinanda kitu kikanguruma, kikakohoa, kikavuta pumzi. Mama Hedwig alifumba macho. Nilimwona anasikiliza pumzi ile, na alikuwa si mzee tena, alikuwa mtoto mwenye kitabu cha hadithi gizani. Akainua kidole cha kulia. Tukaanza.

Sikumbuki vidole vyangu. Nakumbuka bega lake, na njia ikienda chini yetu, mi bemol, mi bemol, kama mtaa niliokulia. Katikati, pale wimbo unapopanda, Tantine aliyeusikia kila Jumatatu akaufahamu. Na Tantine akifahamu wimbo, lazima auimbe. Akaacha mpini, akafumba macho, akaimba. Upepo ukaisha, kinanda kikashusha pumzi ndefu kama ng'ombe anayelala. Na Mama Hedwig akainua mguu, akaupiga kwenye ubao: dum! "Ee, pole, pole!" ikasikika nyuma ya mabomba, na upepo ukarudi. Mama Hedwig alikuwa anacheka na machozi yanamshuka mpaka kwenye midomo, na mkono wake wa kulia ukaingia tena ulikoachia, umechelewa kidogo tu, na kanisa zima likainua kichwa.

Tulifika mwisho. Hakuna aliyepiga makofi, Wajerumani hawapigi makofi kanisani, na mara hii moja sisi nasi tulinyamaza.

Bwana wa Cape Town hakukipata kinanda. Nilimsikia Mama Hedwig akimwambia kwenye simu kwamba samahani, kimepata kazi kwenye saluni. Aliyekihamisha ni Abdala, mtu wa Tanga anayeishi Mayfair, mwenye pikapu tunayoiita bakkie, aliyekikagua akakizunguka mara mbili kabla hajakigusa. "Dada, nisamehe, humu ndani hamna mtu?" Nikambonyezea noti moja. "Mashallah! Basi tukibebe kama bibi harusi." Tantine, ambaye hakuwahi kuondoa kitu saluni kwa ajili ya mtu yeyote, aliondoa kofia kubwa ya kukaushia nywele na kuwatangazia wateja kwamba atakayeweka meshi, nywele za kuunganishia, juu ya kifuniko kile atasuka kwingine. Nilimtembelea Mama Hedwig Midrand kila nilipoweza, na bakuli la sombe. Salamu yake ilikuwa moja tu: "Umekaza nyuzi?" Mkono wa kulia wa wimbo nilijifunza baadaye, peke yangu, na nilipomwambia hivyo alifurahi, ila hakuniomba nimchezee. Na mimi nilielewa: mkono ule ulikuwa wake.

Jumamosi hiyo ya simu, nilimaliza kichwa cha yule dada mpaka msuko wa mwisho. Nikanawa mikono, nikafungua kifuniko. Saluni ilikuwa na watu, redio inaongea, mtu akaizima. Ningeweza kucheza mikono miwili. Nilicheza wa kushoto tu, na juu yake nikaacha wazi, mi bemol, taratibu. Dada wa matairi akaangalia kioo, akasema kwa upole, "Inakosa kitu, eish." Tantine Bora alikuwa kwenye sinki na kichwa cha mteja, povu hadi viwiko. Nilimsikia akivuta ile pumzi yake. Akaanza kuimba wimbo wa juu, wote, kama ulivyotoka mkono wa kulia wa Mama Hedwig, na kama kawaida yake akaanzia pale Roho alipomkuta, mbali kabisa na mi bemol. Vidole vyangu vikasimama. Ile hatua moja ya droo isingetosha, na kwenye kinanda hiki hakuna kingine cha kubonyeza.

Nikachelewa kidogo. Kisha nikaenda kumfuata alikokuwa.